Ukishahukumu, Ushahidi Utaupata Tu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na wenzetu wakristo Bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni. Nashukuru mumekuja Tononoka, hapa Mombasa, na jua hili la saa tisa.

Kabla sijasema lolote tucheze kidogo. Nawapa namba tatu, 2, 4, 6. Zimefuata sheria moja nlonayo kichwani na kazi yenu ni kuijua hiyo sheria. Nitajieni namba tatu zengine, ntawaambia zimefuata au hazikufuata. Haya kaka pale, wa kanzu. 8, 10, 12? Zimefuata. Dada hapa mbele, 20, 22, 24? Zimefuata pia. 100, 102, 104, ndio. Sasa sheria ni ipi? (Ukumbi: "Zinapanda mbili mbili!") Hapana, siyo hiyo.

Sheria yangu ni namba zipande tu, basi. 1, 7, 50 ingepita. 3, 4, 900 ingepita. Lakini hakuna alonitajia 1, 7, 50, wala alojaribu 9, 5, 2 ili nimwambie hapana. Nyote mumeuliza maswali ambayo mushajua jibu ni ndio, na kila nikisema ndio mukazidi kuwa na hakika, kumbe hakika yenyewe imekosea. Mchezo huu aliutunga mwanasaikolojia Peter Wason kule London akauandika 1960, na wanafunzi aliowapa wengi wao walikosea jibu la kwanza vile vile, kwa hivyo hapa hakuna mjinga, ndivyo akili ya binadamu inavofanya kazi.

Nimeanza na namba makusudi. Namba hazina kabila, hazina dini, hazina deni na mtu, hakuna aliezipenda wala aliezichukia, na bado tumepotea. Sasa toa namba weka jirani yako mliekwaruzana. Umemtumia meseji WhatsApp asubuhi, tiki mbili za buluu zimetoka, kimya mpaka adhuhuri. Wewe ushasema moyoni, huyu ananidharau. Ukishasema hivo tu kazi ya ushahidi inaanza yenyewe, unakumbuka arusi ya binti yako alimtuma mtoto na bahasha yeye hakuja, unakumbuka siku ile Marikiti kakupita kama hakuoni, unakumbuka hata neno alilosema mwaka juzi ambalo siku hiyo halikukuuma, leo ndio linauma. Lakini ulipofiwa ni nani aliekaa jikoni kwako mpaka usiku anaosha masufuria ya watu? Hilo halikuji. Hakuna aliekuzuia kulikumbuka, ni kwamba hukulitafuta, manake ulikuwa unatafuta vya kujaza kesi uliyokwisha ihukumu.

Na ukimpenda mtu ni hayo hayo, ukipenda chongo huita kengeza. Mtoto wako akifeli mwalimu ndio mbaya, mtoto wa mwenzio akifeli hana akili. Mgombea wa upande wako akipatikana na jambo amesingiziwa, wa upande ule akisingiziwa "moshi hautoki pasipo moto". Waislamu tunaisoma Suratul Hujurat aya ya 12 kila siku, jiepusheni sana na dhana kwani baadhi ya dhana ni dhambi, na palepale baada ya dhana yanakuja kupelelezana na kusengenyana. Tazama mpangilio wake. Dhana kwanza, halafu unaenda kuitafutia habari, halafu unaipeleka barazani ikanywe kahawa na wenzake.

Sasa hapa ndipo nnapotaka tukae zaidi. Watu wengi wanadhani upendeleo, yaani huku akili kuegemea upande iliyokwisha uamua, ni jambo letu na wengine, na mawazo mabaya ni jambo la mtu na nafsi yake, vitu viwili mbali mbali. Mimi katika kazi ya ushauri nasaha naona ni kitu kimoja. Kijana wa Kisauni ametuma sivii mahali kadhaa hakuitwa, anahukumu, "mimi sina bahati, watu kama sisi hatuchukuliwi". Kuanzia hapo kila simu isiyolia ni shahidi. Akiitwa intavyuu anasema wananiita kujaza nafasi tu, anaenda na uso ushakata tamaa, anajibu kwa sauti ya chini, anakosa, anarudi mtaani anasema si niliwaambia. Amecheza 8, 10, 12 na maisha yake mwenyewe, anauliza maswali yenye jibu moja tu.

Na tusielewane vibaya. Ubaguzi upo, na katika mji huu kijana anaweza kupimwa kwa mtaa wake kabla hajafungua mdomo, hilo sitalipaka sukari, na mtu alietendewa hivo kumwambia "ni mawazo yako tu" ni kumdhulumu mara ya pili. Lakini kulijua kwamba lipo ni tofauti na kuamua kwamba kila mlango ndio huo. Ukiamua hivo hata mlango ulio wazi hutausukuma.

Isitoshe akili zetu hubeba uchungu kuliko utamu. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyomfurahisha, na Kahneman akaja kupewa Nobel ya uchumi 2002, Tversky alikuwa keshafariki. Mama anaeuza viazi karai jioni hahitaji Nobel kulijua hilo. Wateja kibao wamekula wakasifu wakaomba waongezewe, mmoja akasema leo ukwaju mwembamba. Akifunga biashara anaenda kulala na yule mmoja.

Basi watu hufanya nini? Cha kwanza ni jikaze, usifikirie. Mwaka 1987 kule Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaweka watu chumbani wakawaambia kwa dakika tano semeni chochote kinachowajia lakini musimfikirie dubu mweupe, na akikujia gonga kengele. Kengele ziligongwa. Na waliporuhusiwa baadae kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Kwa hivyo ukimwambia mwanao "wacha kuwaza" umempa dubu. Cha pili ni yale maneno ya kujisifu mbele ya kioo, mimi ni mshindi mimi ni mshindi. Wako yanaowafaa sibishi, ila kwa mtu alieshajihukumu naona huwa kama kupaka rangi ukuta wenye chumvi, wiki mbili inabanduka.

Kilichonishawishi mimi ni njia ya Aaron Beck, daktari wa Philadelphia alieishi miaka 100, amefariki 2021. Miaka ya sitini aligundua wagonjwa wake wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wana mawazo yanayopita kasi sana, hata wenyewe hawayaoni yakipita, wanabaki na uchungu wake tu. Hakuwaambia yafukuzeni, wala hakuwaambia yabadilisheni yawe mazuri. Alikaa nao wakalichukua wazo wakalipima, je ni kweli? Tunajuaje? Kuna lolote linalopingana nalo?

Chukua daftari la mtoto la shule, lile la mistari. Andika wazo kama lilivyokuja, usilitengeneze. "Bosi hakunijibu salamu, anataka kunifukuza." Chini yake andika kilichotokea kama kingeonekana kwenye kamera, yaani nimesema shikamoo, amepita na simu sikioni. Hapo wengi hushtuka, manake kwenye kamera hakuna kufukuzwa, hakuna chuki, kuna mtu na simu. Halafu andika sasa 9, 5, 2 yako, swali linaloweza kukuvunja. Kama kweli anataka kunifukuza, ni kitu gani nisingekiona? Nisingepewa zamu ya wikendi ijayo. Nimepewa? Nimepewa. Na ikiwa hukupewa andika pia, usiibe, unatafuta ukweli hapa, hutafuti faraja. Mara nyengine wazo baya ni la kweli na bosi kweli anataka uende, basi heri ulijue mapema utafute kwengine ukiwa na akili timamu.

Ugumu upo mahali pamoja, nyani haoni kundule. Emily Pronin na wenzake Marekani walilipima hili wakachapisha 2002, waliwaeleza watu aina za upendeleo wa akili wakawauliza wewe unazo kiasi gani na Mmarekani wa kawaida anazo kiasi gani, na kwa jumla watu wakasema wenzao wanazo kuwashinda wao. Hata sasa naongea kuna mtu hapa anasema moyoni laiti fulani angekuwepo asikie haya. Ndio maana daftari peke yake halitoshi, unahitaji mtu, na sio yule mnaechukia pamoja, huyo atakuletea mashahidi wengine tu. Tafuta mtu anaekupenda na anaeweza kukwambia hapana.

Si lazima awe daktari. Kule Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafunzwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza mtu mpaka mwisho, wakachagua pamoja shida moja, moja tu, na hatua ya kuanzia. Utafiti wao ulichapishwa 2016, watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kila nikipita Mji wa Kale nikiona mabaraza yale naona benchi tunazo tayari, tunazitumia kwa siasa na mpira. Na kina bibi wa kusikiliza tunao pia.

Lakini kuna mawazo si ya daftari wala ya baraza. Mtu wiki kadhaa hajalala, hali chakula, au ameanza kusema heri nisingekuwepo, huyo usimfundishe kupima mawazo, fuatana nae hospitali, Port Reitz na Coast General wapo wanaoshughulikia, na namba ya 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure. Na kwa wanaonyamaza kwa kuogopa polisi, Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu ya Kenya kinachomfanya aliejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume na katiba. Mwambieni hivo anaehitaji kusikia.

Mimi nimefika hapo. Maikrofoni ipite huku nyuma kwa kina mama kwanza, kuna mmoja ameinua mkono tangu habari ya jirani. Karibu mama.