Abdulrahman ni jina moja, si mawili

Assalamu alaykum, na wasiokuwa Waislamu, habari za jioni. Asanteni kwa kufika Kaloleni na mvua hii ya Kisumu.

Chukueni kalamu. Andikeni Abdulrahman, kisha mlikate: abdu, al, rahman. Abdu ni mtumwa, mja. Al humwonyesha anayejulikana, asiyehitaji kuulizwa ni yupi. Rahman ni Mwingi wa Rehema, na rehema yetu hii ya Kiswahili imetoka katika shina hilohilo la r, h, m. Marehemu naye ni wa humohumo: aliyerehemewa. Hata mji wa mimba Waarabu huuita rahim.

Sasa litamkeni. Mwarabu hasemi “l” hapo. Herufi za Kiarabu ni 28, na 14 kati yake huitwa herufi za jua. Mbele yake ile l ya al humezwa, na herufi inayofuata hukazwa. Ra ni ya jua, basi husikika Abdurrahman. Kafu si ya jua, ndiyo maana Abdulkarim hubaki na l yake. Msomali akisema Abdirahman hajakosea, ni jina lilelile.

Muundo huu ni wa kale kuliko Uislamu. Makureshi, kabila la Mtume Muhammad huko Makka, walikuwa na Abd Shams, mja wa jua, na Abdul-Uzza, mja wa sanamu Uzza. Uislamu uliuacha mwanzo wa jina, ukabadilisha anayeabudiwa. Abdurrahman bin Awf, sahaba, yaani mwenzake Mtume, aliitwa Abd Amr kabla hajasilimu. Na katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, imepokewa kwamba majina yapendezayo zaidi kwa Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Tena msidhani ni mambo ya Waarabu peke yao: Obadia, ambaye Luhyani na Ujaluoni hamkosi, ni Mwebrania mwenye maana hiyohiyo, mtumishi wa Bwana.

Tatizo letu ni fomu. Mzazi anaandika “Abdul Rahman”, kwa nafasi katikati. Karani anahesabu majina mawili; shuleni mtoto anakuwa “Abdul R.”, na jina la babu linadondoka. Akifika kuchukua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile, na mzazi anatafuta wakili wa kumwapisha. Tena Abdul peke yake ni “mja wa…” halafu kimya. Rahman peke yake ndiyo mbaya zaidi, maana hiyo ni sifa ya Mungu, haachiwi mtu.

Kwa hiyo: msajilini mtoto kabla ya miezi 6, maana baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa. Liandikeni kwa herufi kubwa, bila nafasi, bila kistari. Mtahajieni karani herufi moja moja, na someni alichoandika kabla ya kuweka sahihi. Nyumbani muiteni Abdu au Dula mpendavyo. Hilo haliingii kwenye fomu.