Kachero anaporudishwa alikotoka: mhadhara kuhusu epsodi moja ya True Detective

Jamani asanteni kwa kuja, waliosimama mlangoni sogeeni mbele nafasi zipo. Leo siongelei siriz nzima, nataka tukae na epsodi moja tu, ya 4 kwenye msimu wa kwanza wa True Detective, siriz ya upelelezi ya Marekani, inaitwa "Who Goes There", kituo cha televisheni cha HBO waliirusha Februari 2014. Msimu una epsodi 8, zote kaandika Nic Pizzolatto, zote kaongoza Cary Joji Fukunaga.

Ukiwauliza watu kuhusu hii epsodi watakuambia ile shoti ya mwishoni, dakika kama 6 kamera haikatwi, na wana haki, Fukunaga alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni kule Marekani, ya uongozaji kwa kazi hiyo na mpiga picha wake Adam Arkapaw naye akapata ya kwake. Ila mimi nasema hivi, ile shoti ingekuwa mbwembwe tupu kama isingekuwa ni Rust Cohle ndo yuko mle ndani. Inatubana kifua kwa sababu tunajua huyu mtu katoka wapi, na sasa anarudishwa huko huko tena kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa wasioijua, ni jimbo la Louisiana, mwaka 1995, makachero wawili, Cohle (Matthew McConaughey) na Marty Hart (Woody Harrelson), wanamtafuta aliyemuua binti anaitwa Dora Lange. Cohle katokea Texas. Kule alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kike, Sophia, mtoto akafa kwa ajali ya gari, ndoa nayo haikuchukua muda. Baadae akampiga risasi akamuua teja mmoja aliyemdunga mtoto wake mwenyewe mchanga madawa, na wakubwa badala ya kumfikisha mahakamani wakaona huyu anatufaa, wakamtupa akaishi na wauza unga kama mmoja wao, miaka 4. Alipotoka huko alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mji wa Lubbock huko huko Texas. Yani mfiwa, akapewa kazi ya kuishi kama mhalifu, afu akaonekana ameharibika, sijui walitegemea nini.

Haya yote tumeshayasikia epsodi ya 2, anayasimulia mwenyewe kwa sauti ile yake ya kama anasoma risiti. Na waandishi wengi wangeishia hapo. Wanampa kachero maiti moja ya zamani, chupa moja ya pombe, picha ya mtoto kwenye droo, basi wanaona wameshampa undani. Tukifika epsodi ya katikati wanatuletea flashibeki, yani kipande cha kumbukumbu za zamani, yenye rangi ya ukungu na muziki wa piano ili tumuonee huruma. Mimi hiyo kitu inaniudhi kweli kweli, kwa sababu msiba wa mtu unageuzwa pambo, ukiutoa kesi inakwenda vile vile.

Sasa angalieni hii epsodi inafanyaje. Upelelezi unawafikisha kwa Reggie Ledoux, mpikaji wa madawa, na njia pekee ya kumpata ni kupitia genge la pikipiki la Texas, Iron Crusaders. Genge hilo Cohle analijua, alishakaa nao, walikuwa wanamuita Crash. Kwa hiyo ile miaka 4 ndo ufunguo wa kesi, usipokuwepo kesi imekwama. Texas ya zamani hatuonyeshwi hata sekunde moja, tunamuona tu mtu kwenye chumba chake kisicho na fenicha anafungua sanduku, mle kuna jaketi la ngozi, kuna silaha, kuna chupa. Swali linakuja lenyewe: kama uliyaacha yale maisha, mbona vifaa vyake umevitunza?

Afu anakwenda stoo ya vielelezo pale pale kazini, anaiba kokeini ya serikali. Anajitengenezea alama za sindano mkononi ili genge limuamini. Marty yuko pembeni anaangalia, na uso wa Harrelson hapo muuangalie vizuri, ni uso wa mtu anayegundua kwamba mwenzake hajifunzi kitu kipya, anakumbuka. Na akishafika kwa Ginger, yule mwanagenge, unga anauvuta kweli, hamna kuigiza.

Ginger anataka kwenda kuvamia nyumba ya wauza unga wengine, na wanavaa magwanda ya polisi. Hapo nisimame kidogo. Askari kajifanya jambazi, jambazi kavaa uaskari, na kwenye kile chumba hakuna anayejua huyu ni nani isipokuwa yeye, na sina uhakika kama hata yeye wakati ule anajua. Mambo yanaharibika, risasi, kelele, helikopta juu, kamera imemng'ang'ania mgongoni. Na katikati ya vurugu ile yote anamkuta mtoto mdogo wa kiume, anamshika, anampeleka bafuni, anamuweka kwenye beseni la kuogea akae chini humo asitoke. Ni sekunde chache, anaendelea na safari yake. Hakuna anayemtaja Sophia, na muziki hautuambii tulie. Lakini aliyesikia epsodi ya 2 anajua ni mtoto gani alishindwa kumuokoa. Kwangu mimi hiyo ndo sini kubwa ya epsodi, kuliko uzio anaouruka na Ginger au gari la Marty linalokuja kuwachukua.

Kuna lawama moja nakubaliana nayo. Marty naye kwenye epsodi hii hii nyumba inamvunjikia, mke wake Maggie anaambiwa ukweli wote na hawara wa Marty, Marty anarudi anakuta vitu vyake vimefungashwa na barua, na haya yanapita haraka mno. Maggie alistahili muda zaidi, tunamuona anaondoka lakini hatukai nae.

Mwisho, msisahau kwamba haya yote yanaoneshwa huku mwaka 2012 makachero wengine wawili wanamhoji Cohle mezani. Wanamuuliza kuhusu likizo aliyochukua 1995, anawajibu baba yake alikuwa mgonjwa wa leukemia, saratani ya damu, kule Alaska. Sauti inasema Alaska, macho yetu yanamuona Texas na jaketi la ngozi. Nasi watazamaji tunajikuta tumewekwa upande wa mwongo, tunajua anachoficha, tunaogopa asikamatwe. Na wale wanaomhoji hawaulizi kwa udadisi, epsodi ya 5 wanalitoa wazi kwamba muuaji wanamshuku yeye. Ile ile miaka 4 iliyomuwezesha kumfikia Ledoux ndo inamfanya aonekane mtu anayeweza kuua.

Haya, tuiangalie ile sini ya beseni mara mbili, ya pili bila sauti, afu tuanze maswali.