Milimita 3 za Maji Juu ya Lami

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Neema, niko na kaka Rashidi hapa Dar es Salaam, na huo mlio mnaousikia ni mvua juu ya bati. Mvua hii ndiyo imenipa mada. Aprili nilikuwa natoka Mwanza. Tumefika juu ya Dar, badala ya kushuka tukaanza kuzunguka. Dakika 25 nzima. Dirishani naona bahari, halafu wingu, halafu bahari tena. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, kwani uwanja hawauoni?"

RASHIDI: Ukamjibu nini?

NEEMA: Sikuwa na jibu. Nikamshika mkono tu. Sasa leo nataka unisaidie kumjibu.

RASHIDI: Uwanja ulipo wanapajua vizuri. Wanachosubiri kujua ni uko katika hali gani dakika hiyo. Nianze na wingu lenyewe. Wingu la radi linapokomaa, hewa ya baridi iliyo ndani yake inaporomoka kwa kishindo. Chukua ndoo ya maji, imwage ghafla kwenye sakafu ya uani: maji yanapiga chini, yanatawanyika pande zote. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Ndege ikiingia hapo karibu na ardhi, kwanza inapata upepo wa usoni, inanyanyuka. Rubani asiyejua anapunguza nguvu ya injini. Mara upepo unamkandamiza chini, na sekunde chache baadaye unamjia kwa nyuma, mbawa zinakosa hewa ya kuzibeba.

NEEMA: Na haya yaligunduliwa lini? Maana ndege zimeruka miaka mingi.

RASHIDI: Juni 1975 ndege ilianguka New York ikikaribia kutua kwenye mvua ya radi, wakafa watu 113. Aliyeitwa kuchunguza hali ya hewa ya siku ile ni Mjapani, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, Tetsuya Fujita. Huyu mwaka 1945, akiwa kijana, alikwenda kukagua Nagasaki na Hiroshima, akaona jinsi miti ilivyolala kuelekea nje kutoka sehemu moja. Miaka karibu 30 baadaye, akiwa angani anakagua uharibifu wa vimbunga Marekani, akaona msitu umelala kwa mpangilio ule ule. Akasema huu si upepo wa kuzunguka, huu umetoka juu. Wataalamu wenzake wengi hawakumkubali.

NEEMA: Mpaka lini?

RASHIDI: Mpaka yeye na wenzake walipopeleka rada uwandani na kuunasa upepo huo, mwaka 1978 kule Illinois, halafu 1982 kule Denver. Hata hivyo ilibidi ndege nyingine ianguke Dallas, Agosti 1985, ndipo vifaa vya kuutambua vikawa lazima kwenye ndege za abiria za Marekani. Inaniuma kila nikikumbuka hapo katikati. Elimu ipo, mitambo bado.

NEEMA: Na sisi tuna simanzi yetu. Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka hapa Dar iliishia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwemo watu 43, tukawapoteza 19. Wavuvi ndio walitangulia na mitumbwi.

RASHIDI: Mungu awarehemu. Ndiyo maana nasema utafiti wa mambo haya usiishie kwenye viwanja vikubwa. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba wa rada nne za kuongozea ndege: Dar, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hatua kubwa sana ile. Lakini tusichanganye. Rada ya kuongozea ndege kazi yake ni kumwonyesha mwongoza ndege kila ndege iko wapi na iko juu kiasi gani. Wingu na mvua ni kazi ya rada ya hali ya hewa, kama ile ya Bangulo, hapa Dar. Mwongoza ndege anahitaji zote mbili ziseme naye kwa wakati mmoja.

NEEMA: Haya, tuseme wingu limepita. Kwa nini bado tulizunguka?

RASHIDI: Maji! Tangu Novemba 2021 dunia nzima ina utaratibu mmoja wa kutoa taarifa ya hali ya njia ya kutua, wa ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Njia inagawanywa vipande vitatu, kila kipande kinapewa namba kuanzia 6 kushuka hadi 0. Kavu ni 6. Imelowa, maji hayajazidi milimita 3, ni 5. Yakizidi milimita 3, namba inashuka moja kwa moja hadi 2.

NEEMA: Inaruka 4 na 3?

RASHIDI: Inaruka. Kwa kina hicho tairi linaweza kupanda juu ya maji, lisiguse lami. Rubani anakanyaga breki na ndege haisikii. Milimita 3, dada Neema. Pandanisha sarafu mbili uone.

NEEMA: Na nani anapima?

RASHIDI: Wafanyakazi wa uwanja. Wanaomba ruhusa mnarani kwa waongoza ndege, wanaingia na gari mvua inanyesha, wanakagua kipande kwa kipande, wanatoka. Taarifa inakwenda mnarani, mnara unampa rubani. Nyinyi mnazunguka juu ya bahari, wao wako chini wameloa.

NEEMA: Jamani. Wala hatuwafikirii. Jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa mwaka 2019, la kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, sote tulipiga picha. Mfereji wa pembeni ya lami nani aliupiga picha?

RASHIDI: Na mfereji ukiziba taka, lami inakuwa bwawa. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, wa mwaka 2021: viwanja 269 duniani tayari viko katika hatari ya mafuriko ya bahari. Uwanja wa Kansai, Japani, ulifunikwa na maji Septemba 2018. Uwanja wetu uko mita 50 na ushee juu ya bahari, kwa hiyo wimbi si tishio lake. Tishio letu ni mvua ya masika na Bonde la Msimbazi. Mwongoza ndege anayekaa Magomeni lazima avuke bonde hilo kwenda zamu. Bonde likifurika, uwanja unaweza kuwa mzima na mtu wa kuuendesha amekwama njiani. Kwa maoni yangu barabara na mto vihesabiwe kuwa sehemu ya uwanja.

NEEMA: Si wangetupeleka Zanzibar tu, pale pua na mdomo?

RASHIDI: Ukaribu ndio tatizo. Wingu la masika linaweza kufunika Dar na Unguja kwa pamoja. Ndege ya injini za jeti hubeba mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja wa akiba, na juu yake ya dakika 30 za kukaa angani. Rubani anataka uwanja wa akiba wenye anga tofauti, kama Kilimanjaro au Mombasa. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi Kigamboni, naye hakuwahi kutweka tanga bila kujua atakimbilia bandari gani. Tena angefurahi kujua njia yetu kuu ncha moja imeandikwa 05, yaani nyuzi 50 za dira. Kaskazi inapovuma, ndege inayotua upande huo inaikabili usoni.

NEEMA: Basi siku ile tulishuka, tukakaribia kabisa, nikaona paa za Kipawa, halafu injini zikanguruma tukapanda tena. Watu wakapiga kelele.

RASHIDI: Hapo rubani alighairi kutua. Wanalifanyia mazoezi hilo mara kwa mara. Pengine kipande kimoja namba ilishuka, pengine upepo uligeuka, na yeye haruhusiwi kubahatisha.

NEEMA: Mara ya pili tuligusa chini, maji yakapiga tumbo la ndege kwa nguvu, tukapunguza mwendo taratibu hadi tukasimama. Yule mama alikuwa bado ameshika mkono wangu. Namba yake ya simu ninayo. Kipindi hiki kikitoka, yeye ndiye wa kwanza kutumiwa.