Siti binti Saad: Barabara ya Fumba na Vyungu Kichwani

MWANAIDI: Assalaam alaykum, msikilizaji, na karibu tena barazani kwetu. Mimi ni Mwanaidi, niko na kaka yangu Hamisi, na leo tuko Unguja. Tunamzungumzia mwimbaji wa taarabu, Siti binti Saad.

HAMISI: Waalaykum salaam. Na niseme mapema, dada, kwamba leo hatuanzii Bombay.

MWANAIDI: Hatuanzii Bombay kabisa. Kila mtu akimtaja Siti anakimbilia mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodi, santuri, umaarufu. Wakati ule alikuwa mtu mzima, ana karibu miaka 50. Mimi nataka kujua ile miaka mingine yote alikuwa nani.

HAMISI: Alikuwa Mtumwa. Na sisemi hali, nasema jina. Alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya Unguja, kwenye mwaka 1880 hivi. Baba yake Saad alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina walilompa mtoto wao ni Mtumwa.

MWANAIDI: Kila nikilisikia linanigusa. Maana hebu fikiri, mama anamwita mwanawe aje kula, anaita, "Mtumwa! We Mtumwa!"

HAMISI: Soko la watumwa mjini lilifungwa 1873, kabla hajazaliwa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani. Amri ya kuuvunja Unguja na Pemba ilitoka 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Binti huyu alikuwa na miaka kama 17. Kwa hiyo utoto wake wote umepita katika kipindi kile ambacho soko limefungwa lakini watu bado wana mabwana.

MWANAIDI: Na shule hakuna. Kazi yake ni ile ya mama yake: ufinyanzi. Hapa nipe nafasi, kaka.

HAMISI: Chukua.

MWANAIDI: Marehemu bibi yangu alikuwa mfinyanzi, basi nimekulia kwenye udongo. Ufinyanzi wa mama zetu hauna gurudumu. Unachimba udongo, unautoa mawe na mizizi, unaukanda mpaka unakubali. Unauinua kwa mkono, pole pole, unazunguka wewe, chungu kimetulia. Unakuna kwa gamba, unasugua kwa kokoto laini, unaanika kivulini. Ukianika juani kinapasuka. Halafu siku ya kuchoma ndiyo siku ya roho juu, kwa sababu kikiwa na jiwe dogo ndani, au unyevu uliobaki, utasikia tu mlio motoni, ta! Kimekwenda.

HAMISI: Na hapo bado hujauza.

MWANAIDI: Bado! Kutoka Fumba mpaka mjini ni kama kilomita 20. Vyungu viko kichwani. Ukijikwaa, kazi ya siku nyingi yote ni vigae. Kwa hiyo shingo lazima isimame, mgongo usimame, pumzi uigawe. Na ukifika mjini, vichochoro ni vyembamba, nyumba ni za ghorofa, mabibi wako ndani hawatoki ovyo. Watajuaje kama muuza vyungu anapita?

HAMISI: Lazima anadi.

MWANAIDI: Lazima anadi, na lazima sauti ipande mpaka ghorofani, ipite kwenye dirisha la mbao, imfikie mtu asiyemwona. Siti alinadi kwa kuimba. Watu wakawa wanaitambua sauti kabla hawajaona vyungu. Mimi nasema mwalimu wake wa kwanza wa uimbaji ni barabara ile ya Fumba.

HAMISI: Hapo nitakupinga kidogo, dada yangu.

MWANAIDI: Nilijua.

HAMISI: Wauza vyungu walikuwa wengi, na bila shaka walikuwapo wenye sauti nzuri pia. Hatuwajui majina. Siti alihamia mjini mwaka 1911, na huko akakutana na mtu anayeitwa Ali Muhsin. Huyu alikuwa mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa 1905 na ambayo ipo mpaka leo. Yeye ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kanuni za muziki na kutamka Kiarabu. Bila Ali Muhsin, ile sauti ingeishia vichochoroni.

MWANAIDI: Sikatai kwamba alimfundisha. Lakini alikuta kitu. Mtu wa miaka 30 ana kifua, ana pumzi, anajua kuwashika watu ambao hawakuja kumsikiliza. Hicho Ali Muhsin hakumpa.

HAMISI: Hilo la kuwashika watu nakubali.

MWANAIDI: Na kuna jambo limenijia hapa la lugha. Kunadi bidhaa na ile Nadi ya Ikhwani Safaa ni shina moja la Kiarabu. Kuita, na mahali watu wanapoitana. Siti ametoka kwenye nadi moja akaenda kwenye nyingine.

HAMISI: Hilo sikuwahi kuliona. Lakini tusisahau taarabu wakati ule ilikuwa kitu gani. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri. Alimtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi. Ikawa burudani ya jumba la mfalme, ya wanaume, na inaimbwa Kiarabu. Mtoto wa shamba wa Fumba hana nafasi mle.

MWANAIDI: Na akaingia. Aliimba mbele ya masultani na matajiri, kwa Kiarabu. Jina la Siti lenyewe alipewa mjini, alipokwisha kujulikana. Bibi mwenye heshima. Kutoka Mtumwa mpaka Siti. Sijui mtu mwingine ambaye majina yake mawili yana umbali mkubwa namna hiyo.

HAMISI: Ila lile la pili halikulifuta la kwanza. Mjini walimkumbusha. Uko wimbo wa kumkejeli ulioenea sana, unaomwuliza amekuwa mtu tangu lini, unataja kaniki alizotoka nazo shamba, unasema kama si sauti asingekuwa na cha kula. Na kaniki, kwa msikilizaji asiyejua, ni ile nguo nyeusi ya bei ndogo iliyokuwa vazi la watumwa. Basi ukitaja kaniki za mtu, umeshamtajia utumwa wake bila kulitamka neno.

MWANAIDI: Na yeye akajibu kwa wimbo. Hakukana kaniki. Hakujitafutia ukoo wa kuazima, kama watu wengi walivyofanya siku zile. Alijibu kwamba uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo nalipenda mno, kaka. Nalipenda kwa sababu anayelitoa ni mtu aliyebeba vyungu na hakuona haya.

HAMISI: Hapa ndipo ninapokubaliana nawe zaidi kuhusu Fumba. Siti alikuwa ameshaimba Kiarabu ikulu, angeweza kubaki huko. Lakini yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambar, Mwalimu Shaaban na Mbaruk, wakaiimba taarabu kwa Kiswahili. Na habari zenyewe zilikuwa za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikojaa watu waliotoka utumwani na wafanyakazi. Mwanamke aliyedhulumiwa na mumewe, kesi iliyohukumiwa kinyume, tajiri aliyekula haki ya mtu. Watu walikuja usiku nyumbani kwake kusikiliza na kuzungumza.

MWANAIDI: Kwa sababu ni watu wake! Ni wale waliokuwa wakinunua vyungu mlangoni, siyo wa ghorofani tu. Muuza vyungu anaingia uani. Anaona nani analia jikoni, nani ana alama usoni. Anajua mji kwa mlango wa nyuma.

HAMISI: Basi sasa turuhusu Bombay, dada, kidogo tu.

MWANAIDI: Haya, kidogo.

HAMISI: Machi 1928, Siti na wenzake wanapanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri zikarudi zikauzwa pwani yote na bara. Kilichokuwa kipya ni Kiswahili kutoka kwenye santuri. Mtu anakaa mkahawani Mombasa au Dar es Salaam, anakisikia kile chombo cha kupigia santuri, na kinasema lugha yake.

MWANAIDI: Na anayesema ni mwanamke aliyejitanda, ambaye wengi hawakuwahi kumwona uso. Sauti inamfikia mtu asiyemwona.

HAMISI: Ghorofani.

MWANAIDI: Ghorofani tena! Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na nadhani ni heshima kubwa: bingwa wa maandishi kuketi kuandika maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani. Na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, walipotafuta jina la jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.

HAMISI: Dada, kabla hatujafunga, kuna msichana nataka tumtaje.

MWANAIDI: Fatma binti Baraka.

HAMISI: Bi Kidude, naye mwimbaji wa taarabu. Kazaliwa Mfagimaringo, huku huku Unguja, baba yake muuza nazi. Na kama unavyosikia, hata huyu naye ni wa mlango wa nyuma. Alijifunza kwa kuwasikiliza Siti na kundi lake.

MWANAIDI: Basi wiki ijayo tunakwenda Mfagimaringo. Msikilizaji, kama bibi yako aliwahi kukusimulia jinsi Siti alivyoimba, au kama nyumbani kwenu bado ipo santuri yake, turekodie sauti ututumie. Hata dakika moja inatosha.