Pua Kazaliwa Nayo, Rungu Kalichagua

(Mhadhara uliotolewa maktaba ya mkoa, Tanga)

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nieleze katuni ya kiongozi inavyochorwa, tangu karatasi tupu mpaka gazetini. Naomba nianze na mchoro nilioukosea.

Miaka mingi iliyopita nilimchora diwani mmoja aliyetetea ushuru mpya kwa wachuuzi wa samaki. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mimi nikaufupisha zaidi, nikauweka mbele kabisa ya picha. Watu walicheka sana. Kesho yake, kwenye kijiwe cha kahawa pale Ngamiani, hakuna aliyetaja ushuru. Mazungumzo yote yalikuwa mguu. Mzee mmoja akanirudishia gazeti, akaniambia, "Mwanangu, hapa umemchora alivyoumbwa. Aliyoyafanya yako wapi?" Sikuwa na jibu, na usiku ule sikulala.

Tangu hapo, kabla ya kushika penseli najiuliza: hiki ninachotaka kukikuza, mtu kazaliwa nacho au kakichagua? Wakumbukeni wakubwa wetu. Mwalimu Nyerere alikuwa na kifimbo chake. Mzee Kenyatta alikuwa na usinga, Moi rungu. Hakuna aliyewashikisha vitu vile kwa nguvu. Kiongozi akichagua cha kushika mbele ya watu, ametuonyesha anavyotaka aonekane, na mchoraji anaingilia mlango huohuo. Rungu likirefuka hadi likampita mwenyewe kimo, hapo umesema neno kuhusu madaraka, na mtu hujamtukana. Hali kadhalika jinsi anavyovaa kofia, au anavyotazama saa wakati wananchi wanauliza maswali.

Uso nao nauchora, tena nauvuta. Ufaransa, mwaka 1831, mchapishaji Charles Philipon alishtakiwa kwa kumdhalilisha mfalme Louis-Philippe. Mbele ya mahakama alichora michoro minne. Wa kwanza ni mfalme mwenyewe, mashavu yamejaa chini. Wa pili mashavu yanazidi kushuka, wa tatu zaidi, wa nne ni pea tupu, kama yale mapeasi yanayoshuka kutoka Lushoto. Akawauliza kosa linaanzia mchoro upi. Walimtia hatiani hata hivyo, lakini pea lilikwishaingia vichwani mwa watu, likachorwa kwenye kuta za Paris. Vijana, itazameni ile michoro minne. Ufundi wetu wote umo mle: unasogea hatua kwa hatua, na kila hatua bado unamtambua mtu.

Ili usogee hivyo, ujue kwanza uso wa kawaida. Macho hukaa katikati ya kichwa. Wanaoanza huyapandisha kwenye paji. Halafu natafuta huyu wangu kaachana wapi na uso huo: labda taya pana, labda nafasi kati ya pua na mdomo. Navuta kimoja, vingine navituliza. Ukivuta pua, masikio na meno kwa pamoja unapata zimwi, na zimwi halifanani na mtu yeyote. Picha ya kampeni hainisaidii, maana pale kajipanga. Natazama video zake nimezima sauti, ndipo naona mabega na mikono inasema nini.

Lakini hata hayo yanakuja baadaye. Kwanza naandika sentensi moja: fulani kafanya hivi, fulani kaumia hivi. Sentensi isipokamilika, sina katuni siku hiyo. Na yule aliyeumia lazima awemo kwenye picha.

Nachora kwa penseli kwenye karatasi ya A3, ingawa gazetini itatoka ndogo kama kiganja. Mchoro ukipunguzwa, mistari iliyobanana inaungana inakuwa doa, kwa hiyo naiachia nafasi. Kisha naweka karatasi safi juu yake, kwenye kioo chenye taa chini, napitisha wino. Masika ya hapa kwetu yana taabu: karatasi inanyonya unyevu na mstari unachanua kama mizizi. Siku hizo naipasha karatasi kwenye joto la taa kwanza. Wanaochorea kwenye tableti wameepukana na hilo, na siwalaumu.

Maneno nayapunguza. Mama zetu wametufundisha kwenye kanga: jina fupi tu, na anayelengwa anajijua.

Kabla sijatuma, nafunika maneno kwa mkono, naenda kijiweni. Wakiuliza "nani huyu?", narudi mezani. Wakimtambua ila wasijue kafanya nini, narudi vilevile.

Binti yangu pale nyuma ameuliza kama yule diwani nimewahi kumchora tena. Sijawahi, ila picha yake ninayo kichwani miaka yote hii. Mama muuza samaki anapanda kutoka pwani, beseni kichwani, shingo imebonyea. Ndani ya beseni kakaa diwani, suti yake imenyooka, miguu yote miwili imezama kwenye samaki, haionekani. Mkono mmoja kashika kitabu cha stakabadhi. Mwingine anamnyooshea mama kidole, anamhimiza aongeze mwendo. Nipeni ile kalamu nene, na ile karatasi kubwa ibandikeni ukutani. Naanza na shingo ya mama.