Macho ya Pola: mhadhara kuhusu filamu ya How to Marry a Millionaire

Ndugu wasikilizaji,

Filamu ninayokusudia kuizungumzia jioni ya leo, How to Marry a Millionaire, ilitolewa na studio ya 20th Century Fox mwezi Novemba 1953, ikiongozwa na Jean Negulesco na kuandikwa na Nunnally Johnson, ambaye ndiye pia aliyekuwa mtayarishaji wake. Wengi huikumbuka kwa sababu ya Marilyn Monroe, na wengine huipuuza wakiiona kuwa ni kisa cha wanawake watatu wenye tamaa. Dai langu ni kwamba hii ni filamu inayohusu kutazama, na kwamba vichekesho vyake, karibu vyote, vinazaliwa na watu walioamini kuwa utajiri hutambulika kwa macho.

Schatze, anayeigizwa na Lauren Bacall, Pola wa Marilyn Monroe na Loco wa Betty Grable ni wanamitindo wa New York. Wanapanga nyumba ya fahari huko Sutton Place, mtaa wa wakwasi, ilhali hawana kipato cha kuilipia. Hoja ya Schatze ni ya kibiashara kabisa: mwenye kumtaka tajiri na aishi wanakoishi matajiri, na mtaji uwekwe hapo. Mtaji ukikauka, samani za mwenye nyumba zinauzwa moja baada ya nyingine, piano ikiwamo. Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Katika Marekani ya miaka ile benki iliweza kumnyima mwanamke mkopo kwa sababu tu ni mwanamke, na sheria iliyokataza ubaguzi huo ilipitishwa mwaka 1974. Kwa mwanamke wa namna hiyo, ndoa ilikuwa miongoni mwa njia chache za kuufikia utajiri, na Schatze anaikabili kama mfanyabiashara anavyolikabili soko.

Kinachomponza ni kipimo chake. Tom Brookman anamjia bila tai, naye anamhesabu kuwa mtu wa kulipwa kwa saa. Kumbe mbele yake amesimama mmoja wa matajiri wakubwa kuliko wote atakaokutana nao. Loco anasafiri hadi Maine na mfanyabiashara mwenye mke, anaugua surua huko, na katika kuuguzwa anamsikia kijana Eben akiizungumzia miti kwa namna inayomfanya aamini kuwa msitu wote ni mali yake. Eben ni bwana misitu, mwajiriwa. Naye Freddie Denmark, mwenye ile nyumba ya Sutton Place, amejificha kwa sababu mamlaka ya kodi inamsaka, baada ya mhasibu wake kumwibia. Yaani nyumba yenyewe iliyokodiwa iwe kielelezo cha utajiri ni ya mtu asiyeweza kuzigusa fedha zake.

Hapa ndipo Pola anapokuwa kiini cha filamu, ingawa hadithi inajifanya kumfuata Schatze. Pola haoni mbali, wala havai miwani mbele ya wanaume, kwa kuwa amejiaminisha kuwa wanaume hawamtazami mwanamke mwenye miwani. Anagonga kuta na anasoma kitabu kilichopinduliwa juu chini. Kuna picha moja ambamo anasimama mbele ya vioo na sura yake inarudiwa mara kadhaa upande kwa upande: kila mtu ukumbini anamwona Pola wengi, ila yeye mwenyewe. Akielekea Atlantic City kukutana na mlanguzi anayejidai tajiri wa mafuta, anapanda kimakosa ndege ya Kansas City na kuketi karibu na Freddie, ambaye naye anavaa miwani. Freddie anamshawishi avae miwani yake mwenyewe na kumwambia kuwa inampendeza. Monroe anaichekesha hadhira bila kumdhalilisha Pola, na kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote humu.

Yote haya yalipigwa kwa CinemaScope, mfumo wa lenzi uliozalisha picha pana mno, ulioletwa ili kuwarudisha sinema watu waliokuwa wakibaki nyumbani na televisheni. Hii ndiyo filamu ya kwanza kukamilika kwa mfumo huo, ingawa The Robe iliitangulia kutoka, mwezi Septemba. Kabla hadithi haijaanza, Alfred Newman anaongoza okestra kwa dakika kadhaa, na nakiri kwamba huchoka hapo. Lakini studio inafanya kilekile wanachofanya mabinti wa Sutton Place: inaweka fahari mlangoni ili mwenye fedha aingie.

Kuna utani mmoja unaotugusa sisi wa pande hizi. Schatze, akimhakikishia mzee Hanley, tajiri wa Texas anayemtaka awe mumewe, kuwa anawapenda wanaume wa makamo, anawataja Roosevelt na Churchill, kisha yule mzee wa The African Queen. Mzee huyo ni Humphrey Bogart, mume halisi wa Bacall, na filamu hiyo, ambayo hadithi yake iko katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, ilipigwa Uganda na Kongo. Hanley anaigizwa na William Powell, aliyekuwa na miaka 61 mbele ya Bacall wa miaka 29, na utu wake unanifanya nione kuwa Schatze anamkosea hata anapomwambia ukweli siku ya harusi, kwamba anampenda Brookman, ambaye bado anamdhani maskini.

Mwishoni mabinti watatu na waume zao, Schatze akiwa na Brookman, wanakula hambaga. Brookman anataja ukubwa wa mali yake, na meza nzima inacheka. Ni pale anapolipa kwa noti ya dola 1,000 ndipo wanawake watatu wanapoanguka na kuzimia. Ukweli aliousema kwa kinywa haukuwa na uzito. Noti ilibidi ionekane. Johnson anataka yote mawili, kumsifu Schatze kwa kuzikataa fedha na kumzawadia fedha zilezile, jambo ambalo naliona kuwa udhaifu wa kweli. Wenzake hawakupewa fidia hiyo: bwana misitu na Freddie, wanapoulizwa pale mezani, wana matarajio madogo ya fedha.