Nani Aipandishe Bendera? Mfano wa India

Mabibi na mabwana, ndugu wanafunzi,

India ilipata uhuru 1947, lakini kwa zaidi ya nusu karne raia wa kawaida hakuruhusiwa kupandisha bendera ya taifa nyumbani kwake siku aitakayo. Alikuwa na sikukuu chache tu, kama 15 Agosti, siku ya uhuru, na 26 Januari, siku ya jamhuri.

Naveen Jindal, mwenye viwanda, alizuiwa na maofisa kupeperusha bendera kiwandani kwake, akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Delhi ikampa haki 1995. Serikali ikakata rufaa. Kesi ilipokuwa bado inaendelea, kanuni mpya za bendera zilizoanza 26 Januari 2002 zikawaruhusu watu binafsi. Kisha Januari 2004 Mahakama ya Juu ikatamka kuwa kupeperusha bendera kwa heshima ni sehemu ya uhuru wa kujieleza. Hukumu ya haki kabisa! Mtu unayetaka aipende nchi yake humpangii tarehe za kuipenda.

Hapa sasa naomba tutulie. Bendera ile ilipaswa kuwa ya khadi, kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono, ambacho Gandhi alikifanya silaha ya kukataa nguo za Uingereza. Huko Bengeri, mjini Hubballi, jimbo la Karnataka, kuna karakana ya bendera hizo, na wengi wa wafanyakazi wake ni wanawake. Desemba 2021 serikali ikaruhusu pia poliesta, kitambaa cha nyuzi za viwandani, na bendera za mashine. Julai 2022 ikaruhusu zipepee usiku na mchana. Ilikuwa inaandaa kampeni ya kila nyumba kuwa na bendera, 13 hadi 15 Agosti, kuadhimisha miaka 75 ya uhuru. Bendera za bei nafuu zikajaa, na watu wa khadi wakapaza sauti kwamba kazi yao inauawa.

Kanuni zilezile za 2002 zinasema bendera iliyochakaa iteketezwe nzima, faraghani, ikiwezekana kwa moto. Na za karatasi zisitupwe chini baada ya sherehe. Mamilioni ya nyumba zikishapewa bendera, nani atazikusanya 16 Agosti? Kwa maoni yangu, serikali ingetoa kwanza jibu la swali hilo, na ofisi zake zote zingebaki na khadi, hata kama raia ameruhusiwa poliesta.